Benchi la Kawangware lina alama zake

Dragon Ball: Sparking! Zero ilipotoka Oktoba 11, 2024, wahakiki wengi wa Marekani, Ulaya na Japani waliipokea kwa mikono miwili. Walisifu kasi yake, wakasifu michoro yake, wakastaajabia orodha ya wapiganaji 182 waliokuwamo tangu siku ya kwanza. Bandai Namco, wachapishaji wake, wakatangaza kwamba nakala milioni 3 zilinunuliwa ndani ya saa 24. Katika vyumba vya gemu vya Kawangware na Kibera, jijini Nairobi, shangwe hiyo haikufika. Si kwamba vijana wa huku hawamjui Goku, shujaa wa Dragon Ball. Wanamjua kwa jina, kwa rangi ya nywele na kwa kila hatua ya kugeuka kwake. Gemu yenyewe ndiyo haikuwajia.

Nataka kuieleza tofauti hiyo kwa kituo. Tumezoea kudhani kwamba uhakiki wa gemu ni kitu kinachoandikwa ng'ambo, kikapewa alama kati ya 100, kisha sisi tukaambiwa tulichopaswa kupenda. Mimi naamini hukumu inayotolewa kwenye benchi la chumba cha gemu ni uhakiki kamili, wenye vigezo na hoja zake, na kwamba kwa gemu za mapigano zinazotokana na anime vigezo hivyo vinafaa kuliko vile vya wahakiki wanaolipwa.

Chumba chenyewe utakijua ukishuka stage ya 46 pale Kawangware na kuingia vichochoro vya Congo, au ukielekea Gatina. Kibera utakikuta Olympic, Makina na Laini Saba. Ni mabati, na pazia mlangoni ili jua lisipige skrini. Ndani mna televisheni mbili au tatu, na mbele ya kila moja benchi la mbao. Wawili wameshika pedi. Nyuma yao wamesimama wanaongoja zamu, na nyuma ya hao kuna watoto wasio na senti walioachiwa nafasi ya kutazama. Ukizitazama pedi kwa karibu utaona mpira wa kijiti cha kushoto umelika hadi plastiki nyeupe imejitokeza, na waya umefungwa kwa utepe mweusi pale unapoingia kwenye mashine. Mwenye base, yaani mwenye chumba, amekaa karibu na swichi, jicho moja kwenye saa, jingine kwenye tokeni za stima. Mtu hulipia mechi, shilingi kidogo tu, na mahali pengi aliyeshindwa ndiye anayelipa huku mshindi akibaki ameketi.

Kanuni hiyo moja, ya aliyepigwa kulipa, inabadilisha maana ya gemu nzima. Mhakiki wa jarida hupewa nakala kabla ya wengine, akajifungia nayo siku kadhaa, akamaliza hadithi, kisha akauliza kama ina mambo ya kutosha kwa bei yake. Kwake gemu ni mali ya mtu mmoja. Kwenye benchi gemu ni ya wote, na kinachopimwa ni pambano moja, kwa kuwa ndilo linalouzwa. Je, limeisha upesi? Je, aliyepigwa anajua kwa nini amepigwa, au anahisi ameibiwa shilingi zake? Je, waliosimama nyuma walipata cha kutazama?

Hapa inafaa nieleze aina ya gemu ninazozungumzia, kwa ajili ya wasiozijua. Tekken na Mortal Kombat huwapanga wapiganaji wawili uso kwa uso, wakionekana kutoka pembeni. Gemu za uwanja mpana huwaachia nafasi kubwa ya kukimbia, kuruka na kuzungukana, kamera ikimfuata mpiganaji kwa nyuma. Vitufe ni vichache, na hutumika karibu sawasawa kwa kila mhusika. Pigo kuu likipatikana, picha hugeuka kuwa kipande cha anime yenyewe. Kampuni ya Spike iliijenga njia hii kwa Dragon Ball kwenye PS2 kuanzia 2005, na CyberConnect2 wakaiendeleza kwa Naruto kwenye PS3 mwaka 2008 na mfululizo wa Ultimate Ninja Storm. Tangu hapo karibu kila anime kubwa ya mapigano imepata yake. Malalamiko ya wahakiki nayo yamekuwa yale yale kila mara: hazina kina, wahusika wote hutumia vitufe vilevile, zinawafaa mashabiki tu.

Lakini vitufe vilevile ndivyo vinavyolifanya benchi liende. Kijana aliyeingia leo kwa mara ya kwanza, aliyemaliza kumtazama Naruto kwenye simu ya kaka yake, anamchagua Rock Lee na ndani ya nusu dakika anapiga mapigo yanayoonekana kama ya Rock Lee. Kwenye Tekken angepigwa wiki nzima kabla ya kuelewa, na kila kipigo angekilipia. Gemu inayohitaji miezi ya mazoezi ni ghali kwa mtu anayejifunza kwa shilingi ya mkononi. Hilo ambalo jarida linaita uhaba wa kina, huku ni mlango ulioachwa wazi.

Muda nao una uzito wake. Kandanda ndiyo inayotawala vyumba hivi na sidhani itaondolewa karibuni. Mechi yake hula dakika kumi na ushei. Pambano la Naruto lina saa inayohesabu kutoka 99 na mara nyingi huisha kabla haijafika sifuri. Mwenye base anapokubali kuitoa kandanda kwenye skrini moja, anafanya hesabu hiyo kichwani: wangapi watakaa na kuinuka ndani ya saa moja, na stima itakayoliwa ni kiasi gani. Kwa hiyo anayemiliki mashine ana sauti katika uhakiki huu, na sauti yake inasikika kwa namna moja tu. Gemu isiyoinua watu upesi inafutwa kwenye mashine ili kupisha nyingine.

Sasa rudi kwa Sparking! Zero. Jambo la kwanza, ilitolewa kwa PS5, Xbox mpya na kompyuta. PS4, mashine ambayo ndiyo tegemeo la vyumba vingi vya mitaa hii, iliachwa nje. Hilo peke yake lilitosha kuifungia mlango. Lakini hata pale palipokuwa na PS5, kulikuwa na kasoro ambayo wahakiki wengi niliowasoma waliipitia kwa sentensi moja. Ilipotoka, watu wawili waliotaka kupigana kwenye skrini moja waliruhusiwa uwanja mmoja pekee: kile chumba cheupe, kitupu, ambamo Goku na mwanawe Gohan walijinoa kabla ya kukutana na adui yao Cell. Viwanja vingine vyote vyenye milima ya kubomoa na bahari ya kupasua vilitengewa mchezaji aliye peke yake au aliye kwenye mtandao. Sababu iliyotolewa ni ya kiufundi: kuchora uharibifu huo mara mbili, kwa kila nusu ya skrini, kungeilemea mashine. Naielewa. Hata hivyo Budokai Tenkaichi 3, gemu ya mfululizo huo huo ya mwaka 2007, kwenye PS2, ilikata skrini mara mbili na kuwaachia wachezaji viwanja vyao. Miaka 17 baadaye, watu wawili walioketi bega kwa bega walipewa chumba kitupu.

Mhakiki aliyeko Tokyo au London halioni hili kuwa janga, kwa sababu mpinzani wake yuko kwenye mtandao. Mpinzani wa kijana wa Gatina yuko kwenye benchi hilo hilo, na ndiyo raha yenyewe. Ukimwondolea huyo umeiondoa gemu.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba Sparking! Zero ina hazina ambayo benchi lingeithamini kuliko mtu yeyote. Waundaji walikataa kuwasawazisha wapiganaji: aliye hodari kwenye anime ni hodari hapa, na Bw. Satan, bingwa wa mdomo, hana ubavu kama ilivyostahili. Kisha wakaongeza mtindo wa kupigana kwa bajeti, ambapo kila mhusika ana gharama na kikosi kizima hakiruhusiwi kuvuka alama 15. Ukimchukua mmoja wa kutisha, umebakiwa na mabaki. Mabishano ambayo hilo lingezaa Kibera, ya nani anafaa kununuliwa na nani ni hasara, yangedumu mwaka. Badala yake gumzo kubwa la wiki za mwanzo ng'ambo lilihusu ugumu wa kumshinda Vegeta akiwa sokwe mkubwa katika hadithi ya Goku. Benchi halimfikii sokwe huyo kamwe. Halichezi hadithi.

Hilo la hadithi lina upande wake wa chini ambao hauandikwi popote. Gemu nyingi za aina hii huwafungia baadhi ya wahusika mpaka umalize sehemu za hadithi au uwanunue kwa fedha za ndani ya gemu. Kwa mtu mwenye mashine nyumbani ni zawadi ya kumvuta aendelee. Kwenye chumba cha kulipia, ni kazi ya usiku. Mwenye base hufunga mlango, akakaa peke yake na kuwafungua wahusika mmoja mmoja ili kesho wateja wasiondoke, huku mita ikila tokeni na hakuna anayelipa. Akimaliza, mtoto mmoja anayecheza na menyu anaweza kuifuta kumbukumbu yote kwa vitufe viwili. Nimewaona wenye vyumba waliokataa gemu nzuri kwa sababu hiyo moja, na siwezi kuwalaumu.

Upande wa pili wa sarafu ni Naruto x Boruto: Ultimate Ninja Storm Connections, ya Novemba 2023. Wahakiki waliipokea kwa uvuguvugu, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba ni viporo: wapiganaji zaidi ya 120, wengi wao wakitoka gemu zilizotangulia na mapigo yao yale yale, na hadithi ya kale ikisimuliwa kwa picha mgando zilizokatwa kwenye anime. Sauti za Kiingereza nazo zilizua kelele kwa kutamkwa ovyo. Yote hayo ni kweli. Nimeicheza na nayaunga mkono, na aliyekuwa tayari na Storm 4 nyumbani alikuwa na haki ya kuuliza analipia nini.

Kwenye benchi, karibu kila hoja hiyo inageuka. Ilitolewa kwa PS4. Inawapokea wawili kwenye skrini moja bila masharti. Mapigo ni yale yale, kwa hiyo aliyejifunza miaka ya nyuma kwenye PS3 hakuhitaji kulipa ada ya kujifunza upya. Mkusanyiko mzima, kutoka Naruto mtoto hadi mwanawe Boruto, uko kwenye diski moja, kwa hiyo mwenye base hana haja ya kubadilisha diski kila mteja anapomtaka mtu wake. Sauti za Kiingereza hazisikiki hata kidogo, kwa kuwa spika ya chumba inapiga muziki. Ningelazimishwa kutoa alama kwa niaba ya benchi, ningeiweka Connections juu ya Sparking! Zero bila kusita, nikijua kwamba kwa mtu aliye peke yake sebuleni mpangilio huo ni kichekesho.

Kuna mahali ambapo majaji wote wawili, wahakiki na benchi, hukubaliana. Jump Force, iliyoundwa na Spike Chunsoft na kutolewa Februari 2019 kuadhimisha miaka 50 ya jarida la Weekly Shonen Jump, iliwaweka Goku, Naruto, Luffy na wenzao katika uwanja mmoja. Hapakuwa na ndoto kubwa kuliko hiyo kwa mtoto wa mitaa hii. Wahakiki waliishambulia kwa nyuso zake zilizokufa, hadithi isiyo na kichwa wala miguu, na skrini za kungoja zilizofuatana. Benchi halikujali nyuso wala hadithi. Kungoja ndiko kulikoiua. Mtu amelipa, amemchagua mpiganaji, na skrini nyeusi inamtazama. Waliosimama nyuma wanaanza kuguna, na mwenye base anaona dakika zake zinavuja. Mwaka 2022 gemu hiyo iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni na mitambo yake ya mtandao ikazimwa Agosti mwaka huo. Diski zilizokuwa zimenunuliwa bado zinafanya kazi, na hilo ni jambo ambalo watu wa vyumba hivi walilijua zamani: chenye diski hubaki.

Demon Slayer: The Hinokami Chronicles ya 2021 nayo ilisifiwa kote kwa uzuri wa michoro, na ikalaumiwa kote kwa uchache wa watu. Wapiganaji walikuwa 18, na 6 kati yao ni wale wale waliovishwa sare za shule. Wahakiki walilitaja hilo kama upungufu wa thamani. Benchi liliona kitu kingine pia. Mbali na Nezuko, pepo wote walikosekana mwanzoni, wakaletwa baadaye kwa masasisho ya mtandao. Katika kila kundi la watu sita kuna mmoja asiyetaka kuwa shujaa. Ukimnyima adui wa kuchagua, umemnyima sababu ya kukaa.

Nimesema benchi lina hoja, na hoja yake yenye nguvu kuliko zote ni uaminifu kwa anime. Mhakiki wa ng'ambo huweza kupewa gemu ya anime asiyoijua, akaipima kama mashine. Nyuma ya benchi wamesimama watoto walioyatazama mapambano hayo mara nyingi kiasi kwamba wanajua mkono upi ulitangulia. Guy wa Naruto akifungua Mlango wa Nane dhidi ya Madara, pambano ambalo Storm 4 ililitendea haki mwaka 2016, wanajua mvuke unapaswa kuwa mwekundu, na wanajua kinachofuata. Pigo likiwa fupi kuliko lilivyokuwa kwenye anime, chumba kizima kinanung'unika. Nairobi ina historia ndefu ya kutazama na kusema papo hapo: DJ Afro alijenga jina lake kwa kuisimulia filamu ya kigeni juu ya sauti yake yenyewe, na waliokulia kwenye vibanda vya video hawajui kutazama kimya. Mtoto asiye na senti anayesimulia pambano la wenzake ndiye mrithi wa kazi hiyo, na anastahili kusikilizwa na yeyote anayetaka kujua kama gemu imefaulu.

Sitaki nilifanye benchi kuwa jaji asiyekosea. Kwa kuwa mshindi habanduki, hujitokeza mtu mmoja aliyepata mhusika mwenye pigo la mbali asiloweza kulikwepa mgeni, akalirudia hilo hilo jioni nzima. Vyumba vingine humpiga marufuku mhusika huyo. Vingine humwachia, na watu wakarudi kwenye kandanda. Wahakiki wanaposema gemu haina usawa huwa wanazungumzia jambo hili hili, na ni kweli. Tena gemu zenye kina huzaa wachezaji. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, aliposajiliwa mwaka 2018 na timu ya Kimarekani ya UYU, alikuwa mchezaji wa Tekken 7. Dragon Ball FighterZ, ya mtindo wa uso kwa uso, iliingia jukwaa kuu la mashindano ya Evo mwaka huo huo. Anayeota kupanda ndege kwa sababu ya pedi hatafika kwa Storm, na benchi linalopenda wepesi linaweza kumchelewesha.

Kisha kuna fedha, ambazo wahakiki huziweka kwenye mstari wa mwisho. Sparking! Zero iliuzwa dola 70, karibu shilingi 9,000. Kwa mechi ya shilingi 30 hizo ni mechi 300 kabla mwenye base hajaona faida, mbali na kodi na stima. Duka la mtandaoni la PlayStation halijafunguliwa rasmi Kenya; anayelitaka hujiandikisha kana kwamba anaishi nchi nyingine. Ndiyo maana enzi ya PS2 na PS3 mitaa hii iliishi kwa mashine zilizotiwa chipu au kufunguliwa, na diski za kunakiliwa kutoka katikati ya jiji. Sitetei wizi wa kazi ya watu. Nasema tu kwamba Naruto hakufika Laini Saba kwa kusubiri kampuni ifungue tawi, na mashabiki wanaosifiwa leo kwenye takwimu za dunia walilelewa hivyo hivyo kote ambako duka halikufika. Kule Amerika Kusini mashabiki wamekuwa wakiirekebisha Budokai Tenkaichi 3 kwa mikono yao miaka na miaka, wakiongeza wahusika na sauti, kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo.

Magazeti yetu hutoa kurasa za kandanda ya Uingereza kila siku, na ni nadra kukuta hata safu moja ya gemu, achilia mbali iliyoandikwa na mtu aliyeketi kwenye benchi. Hapo ndipo ningetaka tuanze. Nikifungua uhakiki wa gemu ya anime nataka nielezwe ni dakika ngapi zinapita tangu stima kurudi mpaka ngumi ya kwanza; kama anayeshika pedi ya pili anamwona mpiganaji wake vizuri au ameachwa mbali na kamera; wangapi wamefungiwa, na kuwafungua kunachukua usiku mzima au nusu saa. Sijaona jarida kubwa linalojibu maswali hayo matatu kwa pamoja, na mwenye base yeyote wa Olympic anaweza kuyajibu baada ya jioni moja.

The Hinokami Chronicles 2 ilitoka Agosti 2025 ikiwa na wapiganaji zaidi ya 40, safari hii wakiwemo mapepo, na PS4 haikusahauliwa. Alama za ng'ambo zimeshatolewa. Za Gatina nimekwenda kuzikusanya, na toleo lijalo la safu hii litakuwa lao.